Namba Shingoni mwa Diwani

Ukimwona mtoto wa shule pale Kamakwa amevaa sweta ambayo mikono yake haijang'oka hata baada ya miaka mitatu ya kuvutwa na kugombania mpira, jua imefumwa na Ngendo. Jina lake kamili ni Magdaline Ngendo, ingawa tangu ajifungue binti yake wa pekee watu humwita Mama Lynn. Hufuma kwa mashine ya mkono, ile ya kusukumwa kulia ikarudishwa kushoto, katika chumba cha mbele cha nyumba yake ya mbao. Baridi ya Nyeri haina adabu na shule hazikosi watoto, kwa hiyo kazi haimwishii. Shule zote za karibu anazijua kwa rangi ya nyuzi kuliko kwa majina ya walimu wakuu.

Mumewe, Moffat Kingori, alikuwa mpanga mbao katika yadi moja kwenye njia ya Kiganjo. Walikaa pamoja miaka thelathini na minne, na sitadanganya kwamba ilikuwa asali tupu. Walikuwa watu wa kununa. Hawakupigana, hawakutukanana, hawakupelekana kwa wazee. Walinuniana tu. Akikosewa, Kingori aliweza kumaliza siku tatu bila kumwelekezea mkewe neno, na Ngendo naye si mtu wa kuanza. Nyumba ingekuwa kimya kama makaburini kama si mbwa.

Mbwa huyo Kingori alimleta kutoka Endarasha akiwa mdogo wa kutosha ndani ya koti, rangi ya udongo, na sikio moja lililokataa kusimama maisha yake yote. Kwa wiki nzima Kingori alimtazama akimbwekea kila mpita njia na kumkimbia kila aliyegeuka, kisha akamwita Diwani. "Kerere mingi, kazi hakuna," alisema, na jina likashika. Ngendo hakumtaka. Alisema nyumba ina watu wawili wa kulishwa na wanatosha, na kwa miezi kadhaa alikuwa akimwekea chakula kama mtu anayelipa faini.

Lakini ni huyo Diwani aliyewafaa siku za mnuno. Ngendo angesimama mlangoni, asimtazame mumewe kabisa, amwambie mbwa, "Diwani, ambia mzee chakula iko kwa meza." Kingori, hatua mbili kutoka hapo, angejibu, "Diwani, ambia mama nimesikia." Mbwa angemtazama huyu, amtazame yule, mkia ukienda mbio kwa kazi ambayo hakuielewa. Mara nyingi mnuno ulifia hapo hapo, maana ni vigumu mtu mzima kuendelea kununa huku akimtuma mbwa. Lynn akija likizo kutoka Nairobi aliwacheka mpaka machozi, akawauliza kama Diwani analipwa kwa kazi ya utarishi.

Mwezi wa pili mwaka jana tangazo lilisomwa kanisani na kubandikwa kwenye mlango wa bucha: kila mbwa na kila paka aletwe uwanja wa kanisa Jumamosi, achanjwe dhidi ya kichaa, atiwe chipu na aandikishwe. Chipu yenyewe ni kidude kidogo kama punje ya mchele, hutiwa kwa sindano chini ya ngozi ya shingo. Ndani yake mna namba, na namba hiyo kwenye kompyuta imefungamana na jina la mwenye mnyama na simu yake. Wazee walisema basi serikali imemaliza kazi zote, imebaki kuandikisha kuku.

Foleni ile ungeiona ungecheka. Mbwa walikuja wamefungwa kwa kamba za katani, kwa mishipi ya suruali, mmoja kwa tai ya shule. Paka walikuwa ndani ya vikapu na magunia, na mmoja alitoa kichwa kwenye mkoba wa vitabu akiwatazama watu kwa dharau. Waliowashika walikuwa wanawake karibu wote. Mezani alikaa Hezekiah, afisa wa mifugo, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kila mnyama akidungwa aliuliza, "Mwenyewe ni nani?"

Na kila mwanamke alitaja jina la mumewe. Sisi wa milima hii ndivyo tulivyo. Shamba ni la mzee, mita ya stima ni ya mzee, namba ya kuuzia kahawa kwenye ushirika ni ya mzee hata kama mzee hajawahi kuinama chini ya mti kuokota tunda moja. Jina la mke utalikuta kwenye kadi ya kliniki na kwenye daftari la kikundi cha akina mama, basi. Wachuka, jirani yake Ngendo, mumewe yuko Mombasa mwaka wa kumi na moja na amerudi nyumbani mara nne. Naye alitaja jina la mumewe na simu yake, akamwandikishia paka ambaye hajawahi kumwona.

Zamu ya Ngendo ilipofika, Kingori alikuwa amelazwa wiki ya pili, figo zimemchokea. Ngendo akataja: Moffat Kingori. Akataja simu ya Kingori kwa kichwa.

"Mzee yuko nyumbani?" Hezekiah akauliza.

"Yuko hosipitali."

"Basi mama, si tuweke yako? Ndio iko karibu."

"Hiyo boma iko na mwenyewe," Ngendo akasema.

Alisema kwa ukali kidogo, na Hezekiah hakubishana. Hakujua, na angejuaje, kwamba tangu Jumatatu ya wiki ile madaktari walikuwa wameanza kuzungumza na Ngendo kando, kwenye korido, kwa sauti ya chini. Mtu ambaye mkewe ameanza kuandikwa mahali pake ni mtu aliyekwisha. Ngendo aliona kwamba akikubali jina lake liingie pale, atakuwa amelichukua jembe la kumchimbia kaburi kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo akasimama pale, ameshika kamba, akangoja mumewe aandikwe mzima.

Hezekiah alikuwa na desturi ya kupiga kila namba papo hapo ili ajue imeingia sawa. Akapiga, na kwa sababu ya kelele za mbwa akaweka sauti kubwa.

"Haro?" Ilikuwa sauti ya Kingori, nyembamba, ikitoka kitandani.

"Mzee, ni watu wa mifugo. Kuna mbwa hapa anaitwa Diwani. Ni wako?"

Kingori akasema, "Eeh. Ni mbwa yangu. Amedungwa?"

"Amedungwa."

"Amelia?"

"Hajalia, mzee."

"Sawa. Mwambie asiume mtu."

Foleni nzima ilicheka. Ngendo naye alicheka, akainama kumfunga Diwani upya ingawa kamba haikuwa imelegea. Hiyo ndiyo mara ya mwisho watu wa Kamakwa kuisikia sauti ya Kingori. Hezekiah alimpa Ngendo kadi ndogo ya manjano na kumwambia maneno aliyokuwa akiwaambia wote: "Huyu akipotea sasa usijisumbue kutembea ukitafuta. Akiokotwa tunamsoma hapa kwa shingo, simu inalia, unakuja kumchukua."

Kingori alikufa mwezi wa tatu, siku ya mvua. Sitaki kulisimulia sana hilo. Alizikwa kwao Endarasha, na Diwani hakupelekwa kwa sababu gari lilijaa.

Kilichomshinda Ngendo baada ya matanga ni simu ya mumewe. Iliendelea kulia. Madereva wa malori ya mbao, mafundi wa paa, mtu wa Gakindu aliyetaka milango miwili, wote hawakuwa wamesikia. Kila mara Ngendo aliishika na kusema, "Mzee alituacha," na kila mara alilazimika kungoja mshangao wa mtu wa upande wa pili uishe, kisha apokee pole. Ni kama alikuwa akimzika kila siku, mara mbili mara tatu. Siku ya tisa aliizima, akaitia ndani ya kopo la vifungo, akafunga kifuniko.

"Mum, hiyo line ikikaa sana bila kutumika wanaichukua wanapea mtu mwingine," Lynn alimwambia. "Uwe unaicharge hata kama ni mara moja kwa mwezi."

"Nitaicharge."

Hakuicharge. Alikuwa akilitazama kopo lile kila akihitaji kifungo, na siku nyingine alikwenda dukani kununua vifungo vipya ili asilifungue.

Mengine yote aliyanyoosha. Alikwenda kwa chifu akapata barua, akabadilisha mita ya stima, akaanza safari ya mahakamani kwa ajili ya kipande cha shamba, akajiandika mahali pa mumewe kwenye kikundi cha kuzikana. Alibeba cheti cha kifo kwenye bahasha mpaka pembe zikachakaa. Ofisi sita alikaa kwenye benchi, na kila ofisi alitoa jina la mumewe na kuweka lake. Hakuna hata mtu mmoja aliyekumbuka kwamba Kingori alikuwa ameandikwa pia shingoni mwa mbwa.

Na mbwa ndiye aliyebaki. Jioni ya kwanza baada ya wageni kuondoka, Ngendo alipakua chakula, akasimama mlangoni kwa mazoea, na maneno yakamtoka kabla hajayazuia: "Diwani, ambia mzee chakula iko kwa meza." Mbwa alimtazama, kisha akageuza kichwa kutazama mahali pa Kingori. Akangoja jibu. Ngendo alikaa chini kizingitini akalia kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe, maana makaburini alikuwa na watu wa kuwahudumia.

Tangu siku hiyo hakuacha. Kwa Diwani ndiko alikopitishia kila kitu. Diwani, ambia mzee mvua imechelewa. Diwani, ambia mzee Lynn amepandishwa cheo. Diwani, ambia mzee ile siku gunia la makaa lilipolowa nilijua si makosa yake, nilinuna bure. Mtu akisikia atasema mama huyu amechanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa hata chembe. Alijua vizuri mumewe yuko wapi, ila miaka yote maneno magumu yalikuwa yakipita njia hiyo moja, na hakuwa na nyingine. Mbwa aliyekuwa akimlisha kama faini sasa alilala ndani, kwenye mabaki ya sufi chini ya mashine.

Januari mwaka huu, Jumatatu ya kufungua shule, akina mama walijaa mlangoni tangu alfajiri wakidai sweta. Mmoja wao alitoka bila kurudishia lango. Ngendo alipoinua kichwa saa nne, Diwani hakuwepo.

Siku ile alitafuta. Alishuka mpaka mtoni, akapanda mpaka mtaa wa Skuta, akauliza kwenye mabucha yote. Jioni Wachuka alimkuta amesimama njia panda, kiatu kimoja kimejaa matope.

"Mama Lynn, si yako iko na chipu?"

"Iko nayo."

"Sasa unahangaika nini? Hao watu si walisema simu italia?"

Kweli, walisema. Ngendo alirudi nyumbani ametulia kidogo. Kulikuwa na sweta arobaini za kumaliza na watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Akaketi kwenye mashine, akaweka simu yake mbele yake juu ya bonge la uzi, sauti imefunguliwa yote. Jumanne ilipita hivyo. Jumatano aliitia kwenye chaji mara tatu ingawa ilikuwa imejaa. Ililia Lynn akipiga, ililia mwalimu, ililia mtu wa kuuza viazi, na kila ilipolia aliiachia mashine katikati ya mstari. Alhamisi usiku alijiambia kwamba wasipopiga ni kwa sababu bado hajaokotwa, na kama hajaokotwa basi yuko huru mahali fulani, anabwekea watu.

Ijumaa asubuhi aliingia mama mmoja kuagiza sweta ya kijani, saizi ya darasa la tatu. Ngendo akafungua daftari.

"Niandike jina gani?"

"Andika ya baba yake," mama yule akasema. "Lakini simu weka yangu. Hiyo yake huwa imezimwa."

Ngendo aliandika jina. Alianza kuandika simu, akafika tarakimu ya nne, na kalamu ikasimama. Mama yule alimwita mara mbili. Ngendo alikuwa akitazama kopo la vifungo.

Alilifungua kwa kisu. Simu ya Kingori alipoitia chaji iliwaka, ikatafuta mtandao, ikatafuta tena, ikaandika kwamba laini haipo. Basi akachukua yake, akashuka kwenye majina mpaka mahali palipoandikwa Baba Lynn. Miezi kumi hakuwa amebonyeza hapo. Ilichukua muda, kisha ikalia, na mtu akashika.

"Hallo," ikasema sauti ya mwanamke.

Ngendo aliitoa simu sikioni, akalitazama tena jina, akairudisha.

"Hallo? Nani mwenzangu?"

"Hii simu... hii ilikuwa ya mzee wangu."

"Kingori?" mwanamke akasema, na Ngendo, kusikia jina lile kwenye simu ile, akaishika mashine. "Mama, pole. Mimi naitwa Raudha, nauza mchele huku Wang'uru. Laini nimeinunua mwezi wa kumi na mbili. Wengi wanamtafuta huyo Kingori. Nawaambia simjui."

"Kuna mtu amepiga wiki hii? Juu ya mbwa?"

Raudha alikuwa mtu mwenye akili, na nadhani aliona jambo zima kwa mara moja.

"Alipiga Jumanne," akasema polepole. "Hakutaja jina la Kingori. Akaniuliza, mama, mbwa yenu inaitwa Diwani? Nikamwambia sina mbwa. Jumatano akapiga tena, nikamjibu vibaya kidogo, maana nilikuwa na wateja. Nikamwambia mimi sijawahi kufuga mbwa, asinisumbue. Mama? Wallahi sikujua."

"Hukujua," Ngendo akasema. "Si makosa yako."

Alifunga mlango bila kumaliza sweta iliyokuwa kwenye sindano za mashine, akapanda bodaboda, akamwambia aende kituo cha wanyama na asipunguze mwendo. Njia nzima alikuwa akihesabu. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, leo. Wangemweka angalau wiki. Hata ng'ombe aliyepotea huwekwa wiki. Alikuwa amebeba kadi ya manjano mkononi, na upepo ulitaka kumnyang'anya.

Hezekiah alikuwa mezani, miwani yake ingali imefungwa kwa uzi. Alimsikiliza, akaichukua ile kadi, akasoma namba, akainua macho. Ngendo alipoyaona macho yale aliketi bila kukaribishwa.

"Lini?" akauliza.

"Jana, saa kumi."

Alimweleza taratibu, na kwa heshima yake hakujificha nyuma ya meza. Jumatatu mtoto alikuwa ameumwa na mbwa karibu na soko, si Diwani, mwingine. Jumanne wakatoka na nyavu, wakakusanya kila mbwa asiye na mtu. Diwani walimpata nyuma ya bucha. Vizimba vikajaa. Mbwa asiye na chipu, amri ya kituo chao ni kumweka siku saba, labda mwenyewe atatokea akiuliza. Lakini mwenye chipu hupigiwa simu, na mwenyewe akisema hamtaki, hangojewi, hudungwa sindano ya kufa, kwa sababu hakuna wa kungojewa.

"Watu wengi wanakana, mama. Wakisikia mtoto ameumwa wanaogopa kulipishwa. Nilipiga, mwanamke akashika. Nikadhani ni mke wa mzee. Sikuuliza zaidi."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kama Diwani angekuwa koko wa jalalani, asiye na jina popote, angekuwa hai mchana ule, akibweka kwenye kizimba. Aliuawa na kule kuandikishwa. Aliuawa na jina la mtu aliyempenda. Nimelizungusha jambo hili kichwani mara nyingi nitafute wa kumlaumu nimkasirikie, na nimemkosa, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

"Naweza kumwona?"

"Walishachukuliwa asubuhi. Huwa wanachomwa. Pole sana, mama."

Ngendo akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Alitazama mikono yake, ikiwa bado na vumbi la sufi ya kijani. Kisha akaomba aonyeshwe kitabu. Kompyuta wanayo, lakini kitabu cha karatasi hawajakiacha, na Hezekiah alikigeuza mezani kumwelekea. Mstari ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko safi wa shule: Diwani, dume, kahawia. Mwenyewe Moffat Kingori. Kapigiwa mara mbili. Simu imeshikwa na mkewe. Mke amesema hana mbwa.

Alisoma, akarudi mwanzo akasoma tena. Hakuwa amelia kituoni mpaka hapo. Mbwa kufa ni kufa. Lakini kwamba mahali fulani duniani imeandikwa kwa wino kuwa yeye, mke wa Kingori, alisema hana mbwa, hilo lilimchoma mahali ambapo hata mazishi hayakufika. Kingori amesema kitandani, akiwa anakufa, ni wangu. Na mkewe, mzima wa afya, ameandikwa akikana.

"Mimi sikusema hivyo," akasema.

"Najua sasa, mama."

"Kata."

"Hiki kitabu huwa hatukati."

"Kata hapo, baba. Tafadhali."

Hezekiah akachukua rula, akapiga mstari mwekundu juu ya maneno yale, taratibu, mpaka mwisho. "Niandike nini?"

"Andika mzee alikufa mwezi wa tatu mwaka jana." Ngendo alipangusa uso kwa ncha ya leso. "Andika mwenye mbwa ni Magdaline Ngendo."

Akaandika. Akaomba namba ya kitambulisho, akapewa. Akaomba ya simu, Ngendo akaitaja tarakimu moja moja, na Hezekiah, mkono wake ukifanya kwa mazoea ya miaka kile ulichokuwa ukifanya baada ya kila namba, akachukua simu yake akaipiga.

Ililia ndani ya mkoba wa Ngendo, sauti imefunguliwa yote. Siku tano alikuwa ameingoja ilie hivyo. Hezekiah alishtuka alipotambua alichofanya, akataka kukata, lakini Ngendo alimwinulia mkono kumzuia. Akatafuta ndani ya mkoba, chini ya mafundo ya uzi, akaitoa. Walikuwa wameketi uso kwa uso, meza katikati, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Haro?"

"Mama," Hezekiah akasema, na sauti yake ikamfikia Ngendo mara mbili, mezani na sikioni. "Ni watu wa mifugo. Kuna mbwa hapa anaitwa Diwani. Ni wako?"

"Eeh," Ngendo akasema. "Ni mbwa yangu. Alidungwa?"

"Alidungwa."

"Alilia?"

"Hakulia, mama."

"Sawa," akasema Ngendo, lakini hakukata simu.